Umehamisha bakteria kwenye midia mpya wakagoma? Anzia hapa

Kila muhula meseji ni zilezile. "Kaka bakteria wangu wamekufa." "Kaka OD haisogei tangu asubuhi." (OD ni kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye flaski.) Unamuuliza jana walikuwa wanakula nini, kimya, halafu baada ya nusu saa linakuja jibu, LB kaka, leo nimewaweka M9. LB ni midia nono yenye amino asidi tayari, M9 ni maji ya chumvi na sukari tu. Basi kesi karibu imeisha hapo. Hawajafa, wanahama nyumba, na kuhama kuna muda wake ambao unajulikana vizuri tu. Shida ni kwamba watu hawaujui, kwahiyo wanamwaga flaski ambazo hazina tatizo lolote na wakati huohuo wanabembeleza zile ambazo kweli zimeharibika.

Hapa naongelea E. coli wa maabara, K-12 na ndugu zake, 37 °C, flaski kwenye sheka, ile mashine ya kutikisa. Namba za kukaa nazo kichwani kabla hujalalamika: kwenye LB wanaongezeka maradufu kila dakika 20 hivi, kwenye M9 ya glukosi kama saa moja, kwenye asetati (chumvi ya asidi ya siki) masaa mawili mpaka manne kutegemea strein, yaani ukoo wa bakteria ulionao. Hizo ni kasi za mwenyeji aliyeshazoea. Kati ya kasi moja na nyingine kuna kipindi cha kujipanga, na malalamiko karibu yote yanazaliwa hapo katikati.

Kwanini wajipange? Aliyekuwa kwenye LB analetewa amino asidi zimeshaiva, anakula tu, kwahiyo nguvu zake amewekeza kwenye ribosomu, mitambo ya kutengeneza protini. Ukimtupa M9 inabidi azitengeneze zote 20 mwenyewe kutoka glukosi na amonia, vimeng'enya vya kazi hiyo anavyo vichache mno, na vimeng'enya vyenyewe ni protini, yaani ili avitengeneze anahitaji zilezile amino asidi ambazo hana. Anajinasua kwa kuvunjavunja protini zake za zamani mpaka apate mtaji wa kuanzia. Ndo maana pale mwanzoni unaona kama hakuna kinachoendelea.

"OD haisogei kabisa, masaa matatu sasa"

Sababu namba moja ni kwamba haijafika muda. Kutoka LB kwenda M9 saa moja mpaka matatu ya kimya ni kawaida, na kama kalcha (bakteria uliowaotesha) ya jana ililala masaa 18 na ikachoka ongeza hapo. Cheki vitu vya kijinga kwanza: M9 ulitoa kwenye friji ukapanda palepale? Mils 200 za maji baridi hazipati joto kwa dakika tano, zinataka muda mrefu. Ulianza na OD ngapi? Kama ulianza 0.001 mashine haioni kitu hata kama wanaongezeka vizuri, anza na 0.05 uone kinachotokea. Na umeme, jamani. Ukikatika usiku ukarudi, inkubeta inaweza kuonyesha 37 asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea, weka kipimajoto ndani ya chupa ya maji uamini hicho.

Sababu ya pili kwa wingi ni kusahau magnesiamu. Hii imenipata mwenyewe, nilikaa siku mbili nzima nikilaumu strein, nikaandika mpaka ripoti ndefu ya kwamba streini imeharibika, kumbe chupa ya MgSO4 ilikuwa palepale mezani haijafunguliwa. Bila magnesiamu ribosomu hazishikani, hakuna ukuaji. Dawa yake rahisi, chukua nusu ya kalcha weka MgSO4 ifike milimola 1, subiri saa moja na nusu. Ikiamka umepata jibu.

Ya tatu, strein yenyewe haiwezi kuishi kwenye M9 tupu. Watu wanachukua DH5α kwasababu ndo iko kwenye friza, bila kujua kwamba inahitaji thayamini, mikrogramu 1 kwa mil inatosha, na hata ukimpa bado ni mzito. TOP10 yeye amefutwa jeni za kutengeneza lusini, utamsubiri mpaka uzeeke. Kama kazi yako ni kupima ukuaji hizo siyo strein zako, hizo ni za kubebea plasmidi (vipande vya DNA vya ziada), tafuta MG1655 au BW25113.

Ya nne, ukiangalia chini ya flaski kuna unga mweupe. Hiyo ni kalsiamu imeshikana na fosfeti, inatokea ukimwaga CaCl2 nzito moja kwa moja kwenye M9 ya moto au bila kutikisa. Usijaribu kuiokoa maana hujui tena kilichobaki kwenye maji ni kiasi gani. Tengeneza upya, kalsiamu iwe ya mwisho, tone kwa tone huku unazungusha.

Kuna na hii moja haiji mara nyingi lakini ikija inachanganya kweli: mtu anaona bakteria wanahangaika, anawaonea huruma, anawawekea amino asidi mbilitatu alizozikuta kabatini na mojawapo ni valini. K-12 ana jeni moja, ilvG, imevunjika, na matokeo yake valini ikiwa nyingi inamfungia njia ya kutengeneza isolusini. Yaani umemlisha ukamnyima kwa wakati mmoja. Weka isolusini anaamka.

Kama yote hayo hayajakupa jibu usiendelee kubahatisha, fanya mirija minne: M9 tupu, M9 na MgSO4 ya ziada, M9 na thayamini, M9 na casamino (mchanganyiko wa amino asidi) asilimia 0.1. Utakaoota ndo utakwambia kilichokosekana. Ukiota wa casamino peke yake, tatizo ni amino asidi, nenda kasome jenotaipu ya strein yako, yaani orodha ya jeni zake zilizobadilishwa. Usipoota hata mmoja lakini LB inaota kama kawaida, tatizo liko kwenye maji au chumvi au sabuni iliyobaki kwenye flaski. Na maji ya betri ya dukani siyo lazima yawe yamechemshwa na kukusanywa mvuke kama ulivyoambiwa, nimeona chupa zinaacha ukungu mweupe zikikauka. Hapo mtafute fundi wa maabara apime maji, usiendelee kuchoma kemikali.

"Inapanda vizuri, inasimama, halafu inapanda tena"

Hongera. Hiyo siyo hitilafu, hiyo ndo grafu ambayo mwanabiolojia Mfaransa Jacques Monod aliiona Paris na kuiweka kwenye tasnifu yake ya 1941. Una sukari mbili kwenye flaski. Glukosi na laktosi zikikaa pamoja E. coli anakula glukosi kwanza, na glukosi ikiwepo inauzuia hata ule mlango wa kuingizia laktosi usifanye kazi. Ikiisha ndo anaanza kutengeneza vimeng'enya vya laktosi, na pale kwenye kusimama, nusu saa mpaka saa moja hivi, ndo anavitengeneza.

Namna ya kuhakikisha ni ileile ya Monod: punguza glukosi iwe nusu, laktosi uiache. Sehemu ya kusimama inatakiwa ishuke nayo iwe nusu ya OD ya mwanzo. Ikishuka, ni sukari. Isiposhuka, sababu ni nyingine na nitaisema.

Lakini mtu ananiambia mimi sijaweka sukari mbili, nimeweka glukosi tu. Umeweka glukosi, ya pili wamejitengenezea wenyewe. Glukosi ikiwa nyingi na wanakimbia sana wanatema asetati nje, halafu glukosi ikiisha wanarudi kuila ileile asetati waliyoitema, taratibu. Ndo mwinuko wako wa pili huo, mdogo na wa kuvutavuta. Hewa ikiwa finyu inakuwa mbaya zaidi, kwahiyo angalia flaski, midia isizidi sehemu moja ya tano ya ujazo wake, flaski ya mils 250 weka mils 50 basi, na sheka iwe inazunguka kweli.

Na kwenye LB ni hivyohivyo, tena LB ndo mbaya zaidi maana haina sukari ya maana, ni mchanganyiko wa amino asidi na peptidi ambazo wanakula moja baada ya nyingine. Mtu anasema "nilivuna katikati ya ukuaji wa kasi, OD 0.8". Hapana ndugu yangu, kwenye LB ukuaji ulio sawa unaisha mapema sana, kwenye 0.3 hivi, baada ya hapo wanabadilisha mlo kila dakika na seli zinazidi kuwa ndogo. Kama unataka vipimo vinavyorudiwa achana na LB.

Ikisimama na isipande tena kabisa? Cheki strein. DH5α na TOP10 hawana lacZ kamili, jeni ya kimeng'enya cha kuvunja laktosi (wana ule ufutaji wa M15 unaotumika kwenye koloni za bluu na nyeupe), laktosi wataiangalia tu. BW25113 haili arabinosi. Na sitrati hakuna E. coli wa kawaida anayeila palipo na hewa. Wale wa mtafiti Lenski kule Marekani, majaribio ya kuwaotesha vizazi na vizazi yaliyoanza 1988, ilichukua zaidi ya vizazi 30,000 ndo mmoja kati ya mistari 12 akaweza, sasa wewe unampa usiku mmoja.

Ile sehemu ya kusimama isiposhuka wakati umepunguza glukosi, basi kilichokwisha siyo sukari. Mara nyingi ni hewa, kisha pH, kisha amonia kama uliipima vibaya. Cheki pH kwa karatasi tu, ikiwa chini ya 6 umeshajua.

"OD inapanda lakini koloni hazipandi"

Hii ndo naipenda kuliko zote na ndo inayovunja watu moyo. Umetoa kalcha kwenye M9 ukawapa midia tajiri, OD inaruka mara moja, unapanda pleti kila dakika 15 na idadi ya koloni inaongezeka kwa mwendo uleule wa zamani.

Simple kwanza: hesabu za kuzimua. Ni sababu ya kawaida kuliko zote na hakuna anayekubali kuwa ni yeye. Badilisha ncha ya pipeti kila hatua, zimua kwenye maji ya chumvi au M9 isiyo na sukari na siyo maji matupu ya baridi, na angalia tone kwenye hadubini kama seli zimeshikana mafungu, maana fungu la seli kumi linatoa koloni moja.

Ukishahakikisha hayo na bado ni vile, basi unaona kitu cha kweli. Mwaka 1958 pale Copenhagen Schaechter, Maaløe na Kjeldgaard walifanya hivihivi na Salmonella typhimurium, wakawahamisha kutoka mlo duni kwenda mlo mnono wakapima kila kitu. RNA inapanda kasi karibu papo hapo, DNA inafuata kama dakika 20 baadaye, na kujigawa kwa seli kunaendelea na mwendo wa zamani mpaka kama dakika 70 ndo kunaruka. Kila kitu kwa zamu yake. Sababu yake ukiifikiria ni nyepesi tu, E. coli anayekua haraka anahitaji kama dakika 40 kunakili DNA yake na 20 nyingine kujiandaa kugawanyika, kwahiyo seli inayogawanyika sasa hivi ilianza safari saa moja iliyopita, kabla hujampa chakula cha maana. Hapo katikati mwili unanenepa bila kugawanyika na OD inafuata unene.

Kwahiyo ule mtindo wa kuandika "OD 1 ni seli milioni 800 kwa mil" kwenye kila midia uache. Seli za mlo mnono ni kubwa, seli za mlo duni ni ndogo, OD moja siyo idadi moja. Tengeneza jedwali lako la kila midia, na kwenye kipindi cha mabadiliko usitumie jedwali lolote, hesabu tu. Halafu spektrofotomita yenyewe juu ya 0.4 inaanza kudanganya, zimua kabla hujapima.

Ukifanya kinyume, kutoka mlo mnono kwenda duni, utaona kinyume: OD inaganda lakini koloni zinaongezeka kwa muda. Wanamalizia migawanyiko iliyokwisha anza bila kuongeza mwili. Ndani ya seli kuna molekuli ndogo inaitwa ppGpp, inapanda ndani ya dakika chache amino asidi zikikata na inazima utengenezaji wa ribosomu mpya. Cashel na Gallant waliiona 1969 kama doa lisiloeleweka kwenye picha zao wakaliita doa la ajabu. Kama strein yako imefutwa relA na spoT, jeni mbili za kuitengeneza, haitengenezi hiyo molekuli kabisa, na hiyo kwenye M9 tupu haioti mpaka uipe amino asidi, kwahiyo usishangae.

"Nimetoa glukosi nimeweka asetati, masaa kumi sasa wamekaa tu"

Hapa lawama ya kwanza nenda kwenye pH. Mtu anachukua asidi asetiki anamwaga, siyo asetati ya sodiamu. pH ikishuka hiyo asidi inapenya kwenye seli na kuwaua taratibu. Tumia chumvi yake, milimola 20 au 30, pH 7, pima kwa mita.

Kama pH iko sawa basi ni subira. Kutoka glukosi kwenda asetati au saksineti inabidi mtambo wote wa kabohaidreti ugeuke uende nyuma, badala ya kuivunja sukari waanze kuijenga, na masaa mengi ya kimya ni kawaida kabisa. Kurudi, asetati kwenda glukosi, ni haraka mno. Tena siyo seli zote zinavuka, vipimo vya seli mojamoja vinaonyesha wengine wanavuka na wengine wanabaki wamelala, kwahiyo kile unachokiona kama kusubiri kwa wote sehemu yake ni wachache wanaoongezeka mpaka waonekane. Ukitaka kufupisha usiwaoshe kwa maji baridi, walaze usiku kwenye asetati hiyohiyo kabla ya jaribio, au waachie chembe ya glukosi wavukie nayo.

"Inaota hata flaski isiyo na sukari"

Fupi. Ulitoa wapi mbegu? Kama ulichota moja kwa moja kwenye friza, ile stoku ina gliserini asilimia 20 hivi, na gliserini ni chakula. Mikrolita 10 kwenye mils 10 ni asilimia 0.02, inatosha kukupa OD ya 0.1 au 0.2. Au ulichota kalcha ya LB bila kuosha. Osha mara mbili kwenye M9 isiyo na sukari yenye joto la chumba, na anzia kwenye koloni siyo kwenye friza.

"Ilikaa kimya siku mbili, ya tatu ikalipuka"

Usifurahie. Uchafuzi ni wa kwanza, mutanti ni wa pili, na kuzoea polepole ni wa mwisho kabisa. Chora pleti ya MacConkey, ile inayowageuza pinki wanaokula laktosi, na uangalie kwenye hadubini pia. MG1655 anatoa koloni za pinki, DH5α anatoa zisizo na rangi kwasababu ya lile suala la lacZ, na bacillus wa kwenye otoklevu isiyofika joto hataota pale hata kidogo ila kwenye LB atajaa. Kama koloni ni safi na ni strein yako, chukua moja, ioteshe LB, irudishe M9 ileile. Ikiota haraka bila kusubiri siku mbili umepata mutanti, na hiyo siyo tena strein uliyoanza nayo, iandike jina lake na uiweke pembeni.

Ukikuta kitu usichokijua, rangi ya ajabu, harufu ya ajabu, usifungue kifuniko kunusa tena. Funga, andika tarehe, mwite msimamizi wa usalama wa maabara. Na kama sampuli ilitoka kwa mgonjwa au kwenye choo au mtoni, usianze kabisa kuilisha hiki na kile ili uone, huko kunaweza kuwa na Shigella au kipindupindu na hiyo siyo kazi ya meza ya wazi na burner, inaenda kwa watu wenye kabati la usalama na mafunzo yake.

Vifaa pia. Sentrifuji ikitetemeka zima, usishike kifuniko, subiri isimame yenyewe halafu mwite fundi. Otoklevu isiyofika 121 °C au inayovuja mvuke pembeni usiifunge na bisibisi, hiyo ni presha. Na zile kalcha zilizokushinda ukiamua kuzitupa chagua njia moja, ama otoklevu ama jiki. Ukimwaga jiki halafu ukaziweka kwenye otoklevu utatoa gesi ya klorini chumba kizima, mtatoka mnakimbia.